Kama nywele zetu hazikui, ritachi ni ya nini?

Kaa saa mbili katika saluni yoyote ya Manzese, Mwanjelwa au Kongowea, na lazima utamsikia mtu akisema kwamba nywele zetu hazikui. Husemwa kwa sauti ya mtu aliyekwisha kata tamaa: za Wahindi zinakua, za Wasomali zinakua, ila hizi za kipilipili zina kikomo chake. Waliokaa kwenye benchi wakisubiri zamu huitikia. Msusi naye huitikia, huku mkononi ameshika brashi yenye dawa anamfanyia mteja ritachi.

Hapo ndipo ninapotaka tuanzie. Ritachi hufanywa kwa sababu nywele zilizowekwa dawa wiki nane zilizopita zimesogezwa na nywele mpya zilizoota chini yake. Rasta nazo hufumuliwa kwa sababu hiyohiyo. Zimeachia, zinaning'inia mbali na ngozi, na kati ya ngozi na fundo kuna kipande cha nywele ambacho siku ya kusukwa hakikuwapo. Kinyozi wa mtaani asingempata mteja yuleyule kila baada ya wiki mbili kama nywele za kipilipili zingekuwa hazikui. Ushahidi tunatembea nao kichwani, tunaulipia kila mwezi, halafu tunaukana.

Ningeliacha jambo hili lipite kama lingekuwa maneno ya saluni tu. Lakini mtu akishaamini kwamba nywele zake hazina mbele, haoni sababu ya kuzitunza. Anazivuta, anaziunguza, anazifunika, na zinapopungua anasema si mliona, nywele zetu ndivyo zilivyo. Imani inaleta madhara, kisha madhara yanageuka kuwa uthibitisho wa imani. Wasichana wetu wanaurithi mzunguko huo wakiwa bado wanasukwa na mama zao barazani.

Kasi ya kukua imepimwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2001 katika jarida la Uingereza la magonjwa ya ngozi ulikuta nywele za Waafrika zikikua kwa wastani wa robo ya milimita kwa siku, wakati za Wazungu zilikua kwa karibu milimita 0.4. Kwa hiyo ni kweli zetu zinakwenda polepole zaidi, na hakuna faida ya kulificha hilo. Lakini robo ya milimita kwa siku ni sentimita 9 kwa mwaka. Msichana aliyenyolewa akiwa na miaka 15, asiguswe tena na mkasi wala nywele zisikatike, angefika miaka 20 akiwa na nywele za sentimita 45, ambazo zikinyooshwa kutoka utosini zinapita mabegani. Kikomo kipo, ila kipo kwa kila binadamu: unywele mmoja hukua kwa miaka kati ya miwili na sita, ukapumzika miezi michache, ukang'oka na kuupisha mwingine.

Zinakwenda wapi basi hizo sentimita 45? Zinakatika njiani.

Unywele ulionyooka, ukikatwa na kutazamwa kwa hadubini, una umbo la duara au karibu na duara. Wetu umebanwa, una umbo la yai, na unajikunja kama springi ya kalamu. Kila penye kona pana udhaifu. Tena mafuta yanayotolewa na ngozi ya kichwa huteremka kirahisi kwenye unywele ulionyooka, lakini kwenye uliojikunja hayafiki mbali, ndiyo maana ncha zetu hukauka wakati ngozi ina mafuta ya kutosha. Chanuo lenye meno ya karibukaribu likipitishwa kwenye nywele kavu za namna hii, hukata.

Asiyeamini ajaribu kesho asubuhi. Baada ya kuchana, kusanya nywele zilizobaki kwenye chanuo uzitandaze juu ya karatasi nyeupe, usogee dirishani. Utaona za aina mbili. Zipo ndefu zenye kichwa kidogo cheupe upande mmoja: hizo zimemaliza muda wake na kung'oka zenyewe, na kichwa chenye afya hupoteza kati ya 50 na 100 za namna hiyo kila siku. Na vipo vipande vifupi, vingine havifiki hata nusu ya kidole, visivyo na kichwa popote. Hivyo vimekatika. Kwa wengi wetu karatasi itajaa vipande vifupi, na hapo mtu ataona kwa macho yake mwenyewe kwamba tatizo lake haliko kwenye mzizi. Mzizi unafanya kazi. Kinachohitajika ni chanuo la meno mapana, nywele zilizolowa na kupakwa kondishena, na mkono unaoanza kuchana nchani na kupanda taratibu kuelekea kichwani, badala ya kuanza kwenye shina na kuburuta mafundo yote kwenda chini.

Sentensi hiyo ina maji ndani yake, na maji ni kitu ambacho wengi wanakiogopa. Nywele zikilowa hurudi kujikunja, kazi ya drai na pasi inapotea, ndiyo ikazuka imani kwamba maji yanaharibu nywele. Kuna watu wanapitisha miezi miwili bila kuosha kichwa, wakiongeza mafuta juu ya mafuta. Mafuta ya mgando hayalishi nywele. Yanaziba tu, yanazuia unyevu uliopo usitoke, kwa hiyo ukiyapaka kwenye nywele kavu umefungia ukavu ndani. Paka nywele zikiwa na unyevunyevu. Na hapa bibi zetu wa pwani wanastahili heshima yao, kwa sababu mafuta ya nazi waliyokuwa wakiyapata kwa kuchemsha tui mpaka yajitenge yamefanyiwa utafiti. Mwaka 2003 wanasayansi wa India walionyesha kwamba mafuta hayo huingia ndani ya unywele na kupunguza upotevu wa protini wakati wa kuosha na kuchana, jambo ambalo mafuta ya alizeti na yale yatokanayo na petroli hayakulifanya. Hayaoteshi nywele. Yanazisaidia zilizokwisha ota zisikatike, na kwa hesabu ya sentimita 45 hiyo ni kazi kubwa.

Kukata ncha nako kumesingiziwa mengi. Sehemu ya unywele iliyo hai imo ndani ya ngozi, milimita chache chini. Kinachoonekana nje hakina uhai, hakina damu, wala hakipeleki habari yoyote kwenye mzizi kwamba huko nchani pamepita mkasi. Ncha zilizopasuka zikatwe ili mpasuko usipande juu, na faida yake inaishia hapo.

Ndugu wa imani hiyo ni ile ya kumnyoa mtoto ili ajaliwe nywele nzito. Wapo wanaomnyoa mtoto mchanga siku ya saba kwa akika, wapo wanaosubiri arobaini, na mimi sina neno na dini wala mila ya mtu. Ninachosema ni kwamba nywele za kuzaliwa nazo zingeanguka hata zisiponyolewa, na zinazofuata zingekuja na uzito wake uleule zilioandikiwa. Mwaka 1928 mtafiti wa Marekani Mildred Trotter alipima ndevu zilizonyolewa kwa mpango maalumu, akakuta wembe hauongezi unene wala kasi. Unywele ulionyolewa huonekana mgumu kwa sababu unarudi na ncha iliyokatwa wima, wakati ule wa mwanzo ulikuwa umechongoka. Wazazi wanaomnyoa mtoto mara nne, mara tano wakitafuta nywele nyingi wanamkera bure.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma kuliko yote. Tuna methali isemayo ukitaka uzuri sharti udhurike, na katika saluni zetu imechukuliwa kama maelekezo ya kazi. Mteja akilalamika kwamba zimebana, huambiwa avumilie, zitalegea kesho. Anaondoka nyusi zimepanda juu, hawezi kucheka vizuri, usiku anameza Panadol na kulala kifudifudi kwa sababu mto haugusiki. Asubuhi pembeni mwa paji la uso kuna vipele vidogo vyeupe vimejipanga kwenye mizizi ya nywele. Anavipaka mafuta. Watu wanamsifu kasukwa kweli.

Vipele vile ni uvimbe. Mzizi umevutwa mpaka umejeruhiwa. Mvuto ukiisha, mzizi hupona na nywele hurudi. Mvuto ukirudiwa mwezi baada ya mwezi, nywele zinazoota huwa nyembamba zaidi kila safari, kisha zinakuwa malaika tu, na mwisho ngozi hujaza kovu mahali palipokuwa na tundu la unywele. Kovu halioteshi kitu. Ndipo unapoona panja zimerudi nyuma na paji la uso limepanda, na mara nyingi, ukitazama kwa karibu, utakuta mbele kabisa umebaki mstari mwembamba wa vinywele vifupi. Mstari huo una habari kubwa. Hizo ni nywele zilizokuwa fupi mno kushikika mkononi mwa msusi. Hazikuvutwa, ndiyo maana zimesalia.

Wanaosema haya ni maumbile ya nywele za Kiafrika wajue kwamba hali hii ilielezwa kitabibu kwa mara ya kwanza mwaka 1907 kwa wanawake wa Greenland, nchi ya barafu, ambao nywele zao ni ndefu na zimenyooka. Walikuwa wakizivuta na kuzifunga kwa nguvu. Na huku kwetu Afrika, Profesa Nonhlanhla Khumalo wa Chuo Kikuu cha Cape Town na wenzake waliwachunguza wanafunzi wa shule wenye miaka 6 hadi 21, wakatoa matokeo yao mwaka 2007. Miongoni mwa wasichana, asilimia 17 walikuwa wamekwisha pata upara wa kuvutwa. Miongoni mwa wavulana hawakumkuta hata mmoja. Ni watoto wa jamii moja, wenye nywele zilezile. Kwa wanawake watu wazima idadi ilifika karibu asilimia 32, yaani karibu mmoja katika kila watatu.

Tuzisome namba hizo tukiwa tumetulia. Msichana wa darasa la nne aliyepoteza nywele za mbele hakuzaliwa hivyo. Kuna mtu mzima aliyempenda, akampeleka kusukwa apendeze, akamshikilia kichwa alipolia.

Msusi asibebeshwe lawama peke yake, maana anafanya anacholipwa kufanya. Mteja ametoa pesa ya nywele za kuongezea na pesa ya ufundi, ameketi tangu asubuhi mpaka alasiri, na anataka zikae miezi miwili au mitatu. Zilizolegea huchakaa mapema, na mteja akirudi baada ya wiki tatu akilalamika, msusi ndiye anayeharibikiwa jina. Kubana ni namna ya kubana matumizi. Kwa hiyo mabadiliko yataanza kwa anayelipa, akubali kwamba mtindo wa wiki tano au sita usioumiza una thamani kuliko wa miezi mitatu unaokula panja. Nywele za mbele zisishikwe chache mno kwenye msuko mzito. Rasta nene na ndefu zina uzito wake, na zikifungwa juu kuwa fundo, uzito wote huenda kwenye mstari wa paji la uso. Rasta zisizo na fundo mwanzoni zimesaidia wengi, lakini nazo zikipachikwa nzito zinavuta vilevile. Maumivu yakianza ukiwa bado kwenye kiti, sema palepale, zifumuliwe zile zinazouma zisukwe upya. Huna haja ya kuona aibu kwa kichwa chako.

Wapo watakaosema kwamba wao kusuka kumewakuzia nywele. Sikatai walichokiona. Nywele zilizosukwa hazichanwi kila siku, hazipigwi pasi, ncha zimefichwa, kwa hiyo hazikatiki ovyo na mwisho wa miezi miwili mtu anakuta urefu. Mabutu, vitunguu na twende kilioni vya mama zetu, vikisukwa kwa mkono mwepesi bila kuongezea kitu, ni ulinzi mzuri wa nywele. Kinachozikuza ni kuachwa zipumzike. Kubana hakuongezi hata milimita.

Hatari hupanda zaidi pale misuko inapowekwa juu ya nywele zenye dawa. Watafiti wa Cape Town waliliona hilo pia. Na sababu inaeleweka ukijua dawa yenyewe ni nini. Kiini cha dawa nyingi kali za kunyoosha ni sodiamu haidroksaidi, ile kostiki soda inayonunuliwa na watengeneza sabuni. Ikiingia kwenye unywele huvunja vifungo vya protini vinavyoupa umbo lake, na vifungo hivyo havirudi kama vilivyokuwa. Unywele unanyooka kwa sababu umedhoofishwa. Kisha tunaushika unywele huohuo na kuufunga mzigo.

Juu ya dawa kuna imani mbili zinazofanya madhara kila siku. Ya kwanza ni kwamba isipowasha haijashika. Mteja anakaa anajipepea na gazeti, anakunja vidole vya miguu, anaambiwa bado kidogo. Kuwasha hakuna uhusiano na kunyooka. Kunachoonyesha ni kwamba dawa imefika kwenye ngozi na ngozi inaungua, na vidonda vinavyofuata, vile vinavyoganda na kutoa maji kwa wiki nzima, ni majeraha ya kemikali. Ioshwe dakika ileile. Anayekuna kichwa kwa chanuo siku ya kuweka dawa ameifungulia mlango.

Imani ya pili ni ya dawa laini, zile zinazotangazwa kwamba hazina kostiki soda, na zile zenye picha ya mtoto anayetabasamu kwenye boksi. Watafiti wa Afrika Kusini walipima ukali wa dawa zilizokuwa sokoni, kali na laini pamoja na za watoto, wakazikuta ziko katika kiwango cha kuunguza ngozi. Anayebadilisha boksi akidhani amempunguzia mwanawe hatari amebadilisha picha.

Mwezi Oktoba 2022 ukaja utafiti mkubwa kutoka Marekani uliofuatilia wanawake 33,497 kwa karibu miaka 11. Waliotumia dawa za kunyoosha zaidi ya mara nne katika mwaka uliotangulia utafiti walikadiriwa kuwa na uwezekano wa asilimia 4.05 wa kupata saratani ya mji wa mimba kufikia umri wa miaka 70. Kwa ambao hawakutumia ilikuwa asilimia 1.64. Utafiti wa namna hii unaonyesha uhusiano, hauthibitishi kwamba dawa ndiyo iliyosababisha, na saratani hiyo bado si ya kawaida. Sitaki mtu akeshe kwa hofu kwa sababu ya makala haya. Lakini mwenye mtoto wa miaka mitano au sita, ambaye mwili wake una safari ndefu mbele, ana sababu ya kutosha ya kuliacha boksi dukani.

Huku kwetu shule nyingi za serikali huwataka wasichana wakate nywele, na msichana akimaliza kidato cha nne jambo la kwanza ni kwenda kuweka dawa. Hajawahi kuzijua nywele zake. Hajui zinavyochanwa zikiwa ndefu, hajui zinapenda nini, na hakuna aliyemfundisha, kwa hiyo anapoambiwa hazifai anaamini. Hilo nalo ni malezi tuliyoyasahau.

Kuhusu mba nitasema kwa ufupi, maana kosa ni lilelile karibu kila nyumba. Mtu akiona unga mweupe husema ngozi imekauka, akapaka mafuta mengi. Mba huchochewa na fangasi wadogo wanaoishi kwenye ngozi ya kichwa na kula mafuta yake, hivyo kumwagia mafuta zaidi ni kuwaandalia chakula. Shampuu yenye ketokonazoli au dawa nyingine ya mba, iachwe kichwani dakika tano kabla ya kusuuzwa, itafanya kazi ambayo makopo kumi ya mafuta hayawezi.

Mapunye ni habari nyingine, na hapa wanaoteseka ni watoto. Yale mabaka ya duara yenye magamba na nywele zilizokatika yamewahi kupakwa ndimu, majivu, mafuta ya taa. Wengine hulaumu uchafu wa mama, wengine mkono wa mtu. Ni fangasi, huambukizwa kwa mashine ya kinyozi, kofia, chanuo, mto na michezo ya watoto wenyewe, na mtoto msafi kabisa anaweza kuyapata. Kosa kubwa zaidi ni kununua krimu. Fangasi huyu huingia mpaka ndani ya unywele, mahali krimu haifiki, ndiyo maana baka hupungua kwa wiki mbili likarudi. Tiba ni dawa ya kumeza, griseofulvini au tabinafini, kwa wiki kadhaa na kwa kipimo kinacholingana na uzito wa mtoto, na ndugu wanaolala naye wachunguzwe siku hiyohiyo.

Na kabla sijasahau wasomaji wa Unguja, Tanga na Mombasa: hina nyeusi si hina. Majani ya mhina hutoa rangi ya machungwa au hudhurungi iliyokolea, nayo huchukua saa kadhaa kushika. Hiyo nyeusi, yaani piko linalokoza weusi kwa muda mfupi, ni rangi ya nywele yenye kemikali iitwayo PPD. Umoja wa Ulaya unairuhusu kwenye rangi ya nywele tu, isizidi asilimia 2, na kuichora kwenye ngozi hairuhusiwi kabisa. Anayeichora mikononi siku ya harusi anaweza kupata malengelenge, na zaidi ya hapo mwili wake unaweza kuikataa maisha yake yote. Miaka mingi baadaye, anapopaka rangi kuficha mvi, uso unavimba mpaka macho yanafungika. Bibi harusi aulize kilichomo kabla hajanyoosha mkono.

Mama aliyejifungua naye atulizwe. Miezi miwili hadi minne baada ya kujifungua nywele huanguka kwa mafungu, na ni wakati huo maneno ya jicho na hasidi huanza kuingia ndani. Wakati wa ujauzito homoni zilizizuia nywele zisianguke kwa ratiba yake. Baada ya kujifungua zile zilizocheleweshwa zote huondoka pamoja, na kwa kawaida kichwa hurudi kama kilivyokuwa ndani ya mwaka. Zikiendelea kuanguka kupita hapo, au zikianza kuanguka kwa mtu ambaye hajajifungua, apimwe damu. Upungufu wa madini ya chuma, hasa kwa mwanamke anayetokwa na hedhi nyingi, na matatizo ya tezi la shingoni huonekana kichwani mapema. Vidonge vya biotini vinavyouzwa mitandaoni humsaidia mwenye upungufu wa biotini, na watu hao ni wachache sana.

Kuna ugonjwa mmoja unaonifanya nimgeukie tena msusi. Huanzia katikati ya utosi, ukapanuka taratibu kwa duara, na huwapata zaidi wanawake wenye asili ya Afrika. Mwaka 1968 madaktari wa Marekani waliuita upara wa chanuo la moto, wakiamini mafuta yanayochemka kwenye chanuo ndiyo yanayounguza mizizi. Baadaye wakaonekana wagonjwa ambao hawakuwahi kugusa chanuo hilo, na mwaka 2019 utafiti ukaonyesha kwamba baadhi yao wana hitilafu kwenye jeni inayohusika na kuunda unywele. Hata madaktari, basi, waliwahi kuwalaumu wanawake kwa jambo ambalo kwa wengine ni la kuzaliwa nalo. Ugonjwa huu huacha kovu, na kilichokwisha kuwa kovu hakirudi. Kinachowezekana ni kuuzuia usiendelee, kwa dawa za kutuliza uvimbe, ikiwa mgonjwa atafika mapema.

Tatizo ni kwamba hakuna anayeona utosi wake mwenyewe. Anayeuona ni msusi. Yeye ndiye anayegawa nywele mstari kwa mstari na kuona pale ambapo mwezi uliopita palikuwa na nywele na leo pamelainika na kung'aa, matundu hayaonekani. Wasusi wengi hunyamaza wakiogopa kumuudhi mteja, au huongeza wevingi kuficha. Vyuo vinavyofundisha ususi, VETA ikiwa mojawapo, vingefanya kazi kubwa kwa kumfundisha kila mwanafunzi alama tatu: vipele kwenye mizizi ya mbele, ngozi inayong'aa utosini, baka lenye magamba kwa mtoto. Akiziona, aweke chini chanuo na kumwambia mteja kwa upole, dada, hapa pamebadilika, usisuke leo, nenda hospitali wakutazame. Kliniki za magonjwa ya ngozi zipo Muhimbili, na KCMC mjini Moshi kuna kituo cha kanda kinachofundisha wataalamu wa fani hiyo. Mgonjwa aende akiwa hajapaka kitu kichwani, nywele zimefumuliwa, na ataje dawa zote alizowahi kuweka, hata kalikiti ya zamani.